Mtandao Ambao Wenyewe Hawaujui

Ratiba ya kozi ya usalama wa mtandao katika hoteli za Bujumbura unaijua kabla hujaifungua. Jumatatu ni hotuba za wageni rasmi na picha ya pamoja. Jumanne mkufunzi, ambaye mara nyingi ametua siku mbili kabla akitokea Nairobi, Dakar au Paris, anapitisha slaidi za aina za mashambulizi. Jumatano ndiyo siku inayopendwa: kompyuta mbili zinawekwa mezani, moja inaidukua nyingine, ukumbi mzima unashangilia. Alhamisi ni sera na sheria. Ijumaa ni vyeti. Jumatatu inayofuata afisa anarudi ofisini kwake Rohero, na ruta iliyo juu ya kabati bado ina nenosiri ililotoka nalo kiwandani.

Sizibezi kozi hizo. Zimewafumbua macho watu wengi waliodhani usalama wa mtandao ni kununua programu ya kuua virusi na kulipia kila mwaka. Kasoro yake ni kwamba zinafundisha mtandao wa watu wengine. Mtu anahitimu akijua jinsi programu hasidi ya WannaCry ilivyozunguka dunia Mei 2017, lakini hawezi kukwambia ofisi yake ina kompyuta ngapi, zipi kati ya hizo zinawasiliana na seva ya mahesabu, na kama kuna yoyote inayofanya hivyo usiku wa manane. Zamu anayelinda nyumba Kinindo hana orodha ya majambazi wa mji. Anajua gari lipi huingia saa ngapi na nani ana ufunguo wa mlango wa nyuma. Sehemu kubwa ya ulinzi wa mtandao ni ujuzi wa namna hiyo, na hakuna mkufunzi anayeweza kuupakia kwenye ndege akaja nao.

Kisa ambacho ningekifundisha kwa urefu kuliko vingine vyote ni cha Benki Kuu ya Bangladesh. Usiku wa Alhamisi, 4 Februari 2016, watu waliokuwa wamejificha ndani ya mtandao wa benki hiyo walipeleka New York, kwenye benki ya Federal Reserve inayotunza akiba yake ya dola, maagizo 35 ya malipo kupitia SWIFT, mfumo ambao benki hutumiana maagizo. Jumla yake ilikuwa dola milioni 951. Mengi yalizuiwa. Dola milioni 20 zilifika Sri Lanka lakini zikarudishwa, kwa sababu jina la taasisi iliyotajwa kuzipokea lilikosewa herufi na benki iliyokuwa katikati ikauliza. Dola milioni 81 ziliingia tawi moja la benki ya RCBC mjini Manila, na kutoka hapo nyingi zikayeyukia kwenye kasino. Siku ilichaguliwa kwa makini. Ijumaa na Jumamosi Dhaka, iliko Benki Kuu hiyo, wanapumzika. Jumamosi na Jumapili New York wanapumzika. Jumatatu ilikuwa mwaka mpya wa Kichina, sikukuu huko Ufilipino.

Lakini tuwatazame walioibiwa. Asubuhi ya Ijumaa, printa iliyokuwa ikichapa taarifa za SWIFT usiku na mchana ilikutwa imenyamaza. Waliokuwa zamu walidhani imeharibika tu, kama printa zinavyoharibika kila siku. Kumbe ilinyamazishwa. Wezi walikuwa wameanza kubisha hodi Januari 2015, kwa barua pepe zilizojifanya maombi ya kazi, na walikaa ndani kwa miezi mingi wakijifunza nani anaidhinisha nini. Polisi wa Bangladesh baadaye waliwaambia waandishi wa habari kwamba benki haikuwa na fayawoli na kwamba swichi zake za mtandao zilikuwa za mitumba, za dola 10. Darasani kila mtu hucheka akifika kwenye hizo dola 10. Mimi naona la printa ndilo zito. Swichi bora inanunuliwa kwa wiki moja. Mfanyakazi ambaye printa ikinyamaza anauliza imenyamaza tangu saa ngapi, na seva inaonyesha maagizo mangapi yamepita tangu hapo, anahitaji kufundishwa, tena afundishwe kwenye printa ile ile anayoitumia.

Nani ataibia benki huku kwetu? Mwishoni mwa 2019, idara ya upelelezi ya Rwanda iliwakamata Wakenya wanane, Wanyarwanda watatu na Mganda mmoja kwa kujaribu kuingia katika mfumo wa Equity Bank mjini Kigali. Kigali si mbali na Bujumbura. Kundi lilikuwa la watu wa nchi tatu, wenyeji wakiwemo, likaenda lilikodhani milango imelegea. Kigali walikutana na watu waliokuwa wakiangalia, na mwaka 2021 mahakama iliwafunga.

Kampala ina visa viwili, na vyote vinatuhusu zaidi kuliko slaidi yoyote. Mwanzoni mwa Oktoba 2020, mwishoni mwa juma kama ilivyo desturi ya wezi hawa, fedha zilichotwa kupitia Pegasus Technologies, kampuni ya katikati inayounganisha malipo ya benki na ya simu. Laini za simu zipatazo 2,000 zilitumika kuzitoa. MTN, Airtel na Stanbic zikalazimika kusimamisha kwa muda huduma za kuhamisha fedha kati ya benki na simu. Benki ilikuwa na walinzi wake, kampuni za simu zilikuwa na walinzi wao, na mwizi akapita kwenye kiungo ambacho kila upande uliamini kinalindwa na mwenzake.

Kisa cha pili kiliitwa udukuzi kwa miezi kadhaa. Novemba 2024 Bunge la Uganda lilithibitishiwa kwamba akaunti za serikali katika Benki Kuu zimeingiliwa. Vyombo vya habari vilitaja shilingi bilioni 62 na kundi la wadukuzi kutoka Asia. Februari 2025 waliopandishwa kizimbani walikuwa maafisa wa Wizara ya Fedha wenyewe. Inadaiwa malipo yaliyokuwa yaende kwa wakopeshaji wa kimataifa yalielekezwa kwa kampuni za Japani na Uingereza. Kesi ni ya mahakama, siihukumu hapa. Ila kwa mwalimu wa usalama wa mtandao somo halihitaji hukumu: agizo la malipo linaweza kuwa batili huku kila nenosiri lililotumika ni halali.

Rudi sasa Bujumbura. Serikali imehamishia makao makuu ya kisiasa Gitega, lakini fedha zimebaki hapa. Benki zetu ni mchanganyiko wa za nyumbani na matawi ya majirani: CRDB ambayo mizizi yake iko Dar es Salaam, KCB ambayo yake iko Nairobi. Lumicash na Ecocash zimefanya kila kibanda cha Bwiza na Buyenzi kuwa aina ya kaunta ya benki. Kati ya simu ya wakala na seva ya benki kuna viungo vingi, na maswali ya Kampala ya 2020 yanapaswa kuulizwa kwenye kila kimoja. Nani anasoma logi za kiungo hiki, zile kumbukumbu ambazo mfumo unajiandikia wenyewe? Nani anapigiwa simu Jumamosi usiku?

Kuna pia maisha yenyewe ya mji, ambayo vitabu vya Marekani haviyajui. Chukua kanuni ya watu wawili: mmoja anaandaa malipo, mwingine anaidhinisha. Ni kanuni nzuri, na benki zote zinayo kwenye karatasi. Halafu inakuja miezi ya ukosefu wa mafuta. Mkuu anayeidhinisha yuko kwenye foleni ya kituo cha mafuta tangu alfajiri, mteja anapiga meza, na nenosiri la mkuu linatumwa kwa ujumbe wa WhatsApp kwa kijana wa chini yake, ambaye ndiye aliyeandaa malipo. Mkufunzi kutoka nje ataandika kwamba wafanyakazi hawana nidhamu. Ukweli ni kwamba utaratibu haukufikiria foleni. Somo la maana hapo ni kukaa na idara hiyo na kuandika, kwa majina, nani anaidhinisha mkuu asipokuwepo, kwa kiwango gani, na ni malipo gani yatasubiri hata mteja akasirike vipi.

Jambo jingine la hapa ni VPN, programu zinazokwepa kufungwa kwa mitandao kwa kuyapitisha mawasiliano kwenye seva za kampuni nyingine. Aprili 2015 mitandao ya WhatsApp na Facebook ilipofungwa, na tena siku ya uchaguzi, 20 Mei 2020, nusu ya mji ilijifunza kupakua programu hizo kwa saa chache. Simu nyingi bado zinazo, na nyingi ni za bure, maana yake mawasiliano yote ya simu yanapitia kwa kampuni usiyoijua inayokula kwa njia usiyoijua. Simu hizo hizo ndizo zinazounganishwa na Wi-Fi ya ofisi na kufungua barua pepe za kazi. Kuwapigia watu kelele hakusaidii. Ofisi iwape VPN yake yenyewe, ieleze tofauti kwa Kirundi na Kiswahili chepesi, na izitenge simu binafsi kwenye mtandao tofauti. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja kwa mtu anayeijua swichi yake.

Mafunzo ninayoyatetea, basi, yanafanyika ofisini, Jumamosi baada ya kazi za jamii kumalizika na barabara kufunguliwa, kwa miezi mitatu badala ya siku tano. Wanafunzi ni wale waliokwisha kuajiriwa: fundi wa kitengo cha informatiki, mhasibu mmoja, keshia mkuu mmoja. Mhasibu asiachwe nje. Fundi anajua data inapita wapi, ila mhasibu ndiye anayejua kwamba kampuni fulani haijawahi kulipwa siku ya Jumapili.

Wiki za kwanza hazina udukuzi wowote. Watu wanatembea vyumbani na karatasi wakihesabu vifaa. Mwongozo wa CIS Controls, unaopatikana bure na kutumiwa duniani kote, unaweka hesabu ya vifaa kuwa kazi namba moja na hesabu ya programu kuwa namba mbili, na wanafunzi huiona kazi hiyo ya kitoto mpaka wakute chini ya meza ya mapokezi ruta ambayo hakuna anayejua nani aliifunga. Baada ya hapo inakuja kazi ya kusikiliza. Kompyuta kuukuu yenye RAM ya GB 8, Linux, programu huria kama Suricata na Wazuh, na swichi inayoweza kunakili mapito ya data: kwa ofisi ya watu 30 hivyo vinatosha kuanza. Mwezi mzima wanaandika kawaida ilivyo. Kompyuta zipi zinauliza majina ya tovuti zipi, saa ngapi. Seva ya mahesabu inazungumza na nani. Nakala rudufu inachukua dakika ngapi. Nani huingia kwenye mfumo kabla ya saa moja asubuhi, na kwa nini.

Hapo ndipo watakapokutana na tatizo la saa, ambalo sijaliona likipewa nafasi kwenye ratiba za hotelini. Umeme wa shirika la Regideso ukikatika, ruta ndogo nyingi zisizo na betri ya saa huamka zikidhani ni 1 Januari 1970. Isipopata saa sahihi kutoka mtandaoni, ruta hiyo itaandika logi zake zote kwa tarehe hiyo. Seva nayo imeachwa nyuma kwa dakika 11, kamera ya mlangoni iko mbele kwa saa nzima. Siku ya tukio mchunguzi anataka kujua kama aliyetumia nenosiri la keshia saa kumi na dakika tano ndiye aliyeonekana kwenye kamera, na hawezi. Dawa ni kuzifanya mashine zote ziulize saa kwenye chanzo kimoja, kazi ya nusu saa isiyogharimu faranga hata moja. Kwangu mimi somo hilo linashinda siku nzima ya kuangalia kompyuta moja ikiidukua nyingine.

Umeme unaokatika una kisa chake cha kufurahisha pia. Juni 2017 programu hasidi iitwayo NotPetya, iliyoanzia kwenye programu ya mahesabu ya Ukraine, iliangusha kampuni ya meli ya Maersk duniani kote. Seva zake zipatazo 150 zilizohifadhi orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilifutika zote, kasoro moja iliyokuwa Ghana, ambako umeme ulikuwa umekatika kabla programu ile haijafika. Intaneti ya huko haikuweza kuituma data hiyo kwa haraka, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, kwa hiyo mmoja alipanda ndege hadi Nigeria kukabidhi diski kwa mwenzake aliyekuwa na viza hiyo. Kampuni tajiri ilijengwa upya kutokana na hitilafu ya umeme ya Afrika Magharibi. Wanafunzi wa Bujumbura hukipenda kisa hiki, na wana haki. Ila nikiisha kukisimulia ningewauliza nakala yao rudufu iko wapi, kama imeunganishwa na seva ile ile wakati huu, na lini mara ya mwisho mtu alijaribu kuirejesha.

Mwezi wa tatu ni wa mazoezi. Yawe Ijumaa saa kumi jioni, wakati watu wameshika mifuko yao, kwa maana mwanzo wa mapumziko ndio wakati ambao wezi wa Dhaka na Kampala walituonyesha. Mkufunzi anatoa karatasi: printa ya taarifa za malipo imenyamaza. Mkurugenzi hapatikani kwa simu. Mnafanya nini, kwa mpangilio gani, na nani ana mamlaka ya kuzima mfumo wa malipo bila kufukuzwa kazi Jumatatu? Swali la mwisho hilo ndilo linalochelewesha taasisi nyingi. Fundi anaona moto na hathubutu kugusa swichi.

Vyeti je? Sipingi mtu kutafuta cheti, lakini tuseme bei kwa uwazi. Ada ya mtihani wa CISSP, cheti cha usalama wa mtandao cha shirika la ISC2, ni dola 749, na anayefaulu haitwi mwenye cheti mpaka awe na miaka mitano ya uzoefu. Dola hizo kwa mtu wa Bujumbura zina bei mbili, ya benki na ya mtaani, na ya mtaani imefika zaidi ya maradufu ya ile rasmi. Kisha atafute kadi itakayokubaliwa mtandaoni. Kwa anayeanza, shirika hilo hilo la ISC2 lilitangaza mwaka 2022 kutoa bure mafunzo na mtihani wake wa mwanzo kwa watu milioni moja, japo anayefaulu hudaiwa dola 50 kila mwaka. Cisco Networking Academy nayo ina kozi za bure. Mwajiri mwenye akili angelipia hizo 50 na data ya kusomea, na angetenga saa za kazi kwa ajili hiyo, kabla ya kukodi ukumbi.

Kuna mpaka ambao mwanafunzi anatakiwa kuujua siku ya kwanza. Sheria ya Burundi ya kuzuia na kuadhibu uhalifu wa mtandao ni ya Machi 2022, na kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini ni kosa, nia iwe nzuri iwe mbaya. Kijana aliyetoka kozini Jumatano, siku ile ya kushangilia, akaenda kujaribu alichojifunza kwenye tovuti ya taasisi fulani ili "kuwasaidia", anajitafutia kesi. Majaribio yafanyike kwenye mashine za maabara, au kwenye mtandao wa mwajiri kwa barua iliyosainiwa ikitaja tarehe na mashine.

Sheria hiyo inajua kuadhibu. Kinachokosekana ni mazoea ya kuambiana. Taasisi iliyopigwa Bujumbura hunyamaza, inabadilisha manenosiri, na jirani yake anapigwa mwezi unaofuata kwa njia ile ile. Julai 2023 jukwaa la eCitizen la Kenya liliposhambuliwa kwa mafuriko ya maombi bandia, huduma za serikali zikasimama hadi kwenye viza, na waziri alikiri hadharani. Mdhibiti wa mawasiliano wa nchi hiyo huchapisha ripoti ya vitisho kila robo mwaka. Tanzania ina TZ-CERT chini ya mdhibiti wake. Hapa Burundi mdhibiti wa mawasiliano ARCT na Benki Kuu, BRB, wana mamlaka ya kutosha kuzikalisha benki, kampuni za simu na wale wa katikati kwenye chumba kimoja mara mbili kwa mwaka, wafanye zoezi moja la pamoja lenye kiungo kilichovunjika katikati yao, bila waandishi wa habari na bila faini kwa atakayesema ukweli. Gharama yake ni chai na siku ya kazi.

Wakurugenzi huniletea pingamizi moja, na ni la haki: ukimfundisha vizuri, ataondoka, iwe Kigali, Nairobi au Kanada. Wengine wanajibu kwa mkataba wa kumfunga mtu miaka mitatu. Nimeona mikataba hiyo ikizalisha watu waliokaa kimwili na kuondoka kiakili. Wafundishwe watatu badala ya mmoja, kwa bei ya ukumbi wa hoteli ambao haukukodishwa. Na yale maandishi ya mwezi wa kusikiliza, pamoja na michoro, majina ya wanaoidhinisha na namba za simu za Jumamosi usiku, yawe mali ya ofisi, yachapwe kwenye karatasi, yahuishwe kila baada ya miezi mitatu na wawekwe watu wawili wa kuyatunza. Anayeondoka ayapitie na anayebaki, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kulipwa mshahara wake wa mwisho.